Waomani Miezi 33, Wewe Je?

Waomani waliizingira Fort Jesus, ile ngome ya Mreno kule Mombasa, tangu Machi 1696 mpaka Desemba 1698 ndipo wakaingia. Unawahurumia, mpaka siku usimame langoni mwenyewe na noti yako ya mia mbili mkononi, uambiwe: "Taslimu hatupokei, mzee. Lipa kwa simu."

Haya, simu. Unaingia eCitizen, ule mtandao wa serikali ya Kenya wa kulipia huduma, unatafuta makumbusho, unachagua kituo, unachagua daraja lako (raia au mgeni), unaandika idadi ya watu, kisha unangoja kile kijisanduku cha M-Pesa kikuombe namba ya siri. Wapi! Bando limeisha, au kilikuja ukiwa unampangusa mtoto kamasi, kikaondoka zake. Usibonyeze tena kwa hasira. Tazama salio kwanza, maana pesa huweza kukatwa na malipo yakachelewa kuonekana, na kurudishiwa uliyolipa mara mbili ni safari nyingine isiyo na vivutio. Kijisanduku kikigoma kabisa, lipa kwa mkono kwenye M-Pesa: namba ya biashara (Paybill) 222222, na akaunti ni namba ya ile ankara uliyopewa na eCitizen. Si jina lako. Si kitambulisho. Wengi hukosea hapo.

Sasa daraja, na hapa ndipo undugu unapovunjika. Kwa viwango tulivyovizoea, raia wa Kenya mtu mzima ni shilingi 200, wa Afrika Mashariki 400, mgeni wa mbali 1,200, watoto nusu. (Bei hupanda, kwa hiyo angalia kwenye mfumo kabla hujawaahidi watu.) Binamu yako wa Tanga, ambaye bibi yenu ni mmoja, analipa mara mbili yako kwa ajili ya mstari waliouchora Mwingereza na Mjerumani. Shemeji aliyebaki na pasipoti ya Kanada peke yake? 1,200, hata kama Kimvita chake, Kiswahili cha Mombasa, kinakushinda. Na ukijitia ujanja ukawaandika wote raia, vitambulisho vitaulizwa, na tofauti utailipa huku foleni nzima inakukodolea macho.

Mwongozaji naye hayumo ndani ya tikiti. Atakudaka hujashusha mguu wa pili kutoka kwenye tuktuk. Patana naye hapo hapo nje, na uulize: bei ni ya kundi au ya kila kichwa? Ukiuliza mkishatoka, jibu linakuwa kila kichwa.

Lakini pesa zenyewe za nini, mawe yaliyosimama tangu karne ya 16 yanakula nini? Yanakula chokaa, bwana! Kuta zile ni matumbawe. Ukiziba ufa kwa saruji, maji na chumvi hukwama ndani, jiwe likaanza kumenyeka. Basi fundi hana budi kurudi kwenye chokaa, kazi ya subira na ya gharama. Upande wa baharini mawimbi yaliutafuna msingi mpaka ukajengwa ukuta wa kuyazuia. Mia mbili yenyewe, wallahi, siionei uchungu. Uchungu ni kuitoa.

Kwa hiyo lipia nyumbani usiku wa kuamkia safari, piga picha ya tikiti, jaza chaji, beba kitambulisho, ufike saa mbili asubuhi wanapofungua. Ukichelewa mpaka saa sita, jua la uani litakufukuza ukakae na mifupa ya nyangumi inayoonyeshwa mle ngomeni, ambaye ndiye pekee aliyeingia mle bila namba ya akaunti.