Paneli juu ya paa, sahani za plastiki mezani

Jumamosi mchana, ibada ikiisha, masinagogi mengi ya Marekani hutandika meza ya kidushi: divai kidogo, mkate, samaki, saladi, keki. Watu wanakula wamesimama, wanaulizana habari za watoto. Nusu saa haijafika, mifuko ya taka imeshafura kwa sahani, vikombe na uma za kutupa. Na huenda juu ya paa hilo hilo kuna paneli za sola zinazong'aa. Nikifuatilia mjadala wa Wayahudi na tabianchi, narudi kila mara kwenye umbali huo kati ya paa na meza.

Juhudi zenyewe si za mdomoni. Mwaka 2022 shirika la Hazon, ambalo sasa linaitwa Adamah, yaani ardhi kwa Kiebrania, lilianzisha muungano wa taasisi 20 za Kiyahudi, na nyingine nyingi zimejiunga tangu hapo. Uingereza kuna mpango wa EcoSynagogue, ambako jumuiya hujikagua majengo, chakula na usafiri wake, kisha hupewa tuzo. Msingi wa dini nao upo. Kumbukumbu la Torati 20:19 inakataza kukata miti ya matunda hata wakati wa kuuzingira mji vitani, na marabi wakaipanua amri hiyo iguse uharibifu wa kila aina. Talmudi, mkusanyo mkuu wa sheria na mafundisho ya marabi, inamtaja hata mtu anayefunika taa ya mafuta ikaungua haraka kuliko inavyopasa: amevunja amri. Hapo bado karne nyingi kabla ya balbu.

Kwa nini waungane badala ya kila sinagogi kujitegemea? Sababu ni karatasi zaidi kuliko imani. Kamati ya jengo ni watu wa kujitolea: daktari wa meno, mwalimu mstaafu, mhasibu. Hawajui kusoma mkataba wa sola, na waliokwisha kufunga wanajua. Zamani nafuu ya kodi haikuwafaa, maana sinagogi halilipi kodi ya mapato. Sheria ya Biden ya 2022 ikaruhusu taasisi kama hizo kurudishiwa taslimu takriban asilimia 30 ya gharama. Julai 2025 mlango ukaanza kufungwa: mradi usioanza kujengwa ifikapo tarehe 4 Julai 2026 lazima uwe unatoa umeme kabla ya mwisho wa 2027. Penye saa inayokimbia hivyo, jirani aliyekwisha kupita njia hiyo ni mali.

Wanaopinga wana hoja pia, na si zote za ubahili. Wayahudi duniani kote ni kama milioni 15. Paa zao zote zikifunikwa sola, joto la dunia halitashtuka. Shirika la Dayenu, lililoanzishwa 2020 na Rabi Jennie Rosenn, limeelekeza nguvu kwenye siasa na kwenye fedha zinazolisha mafuta na gesi, na kwa hesabu ya tani za hewa ukaa sioni namna ya kulipinga. Halafu kuna walinzi. Tangu watu 11 walipouawa ndani ya sinagogi la Pittsburgh mwaka 2018, bajeti nyingi huanza na mlango wa chuma na kamera. Mweka hazina anayesema sola ingoje si adui wa mazingira.

Lakini hoja ya udogo ina upande wa pili, na upande huo uko jirani yetu. Abayudaya, jamii ya Wayahudi wa Uganda, wanaishi kandokando ya Mbale, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, wengi wakilima. Tangu 2004 wana ushirika wa kahawa pamoja na majirani Waislamu na Wakristo. Mwishoni mwa Julai 2022 mafuriko yaliua watu Mbale. Mkulima wa huko hana hewa ukaa ya kupunguza, hali ndugu zake wa imani wa New Jersey wanayo.

Kwa hiyo narudi mezani. Paneli inajilipa yenyewe na haimbadilishii mtu siku yake. Sahani inambadilishia. Nyama na maziwa havichangii vyombo, hivyo jiko linalofuata sheria za Kiyahudi za chakula linahitaji seti mbili, na nyingine za Pasaka. Tena siku ya Sabato hairuhusiwi kuosha chombo usichokihitaji tena siku hiyo, kwa kuwa ni kuiandalia kesho. Sahani ya kutupa inamaliza yote hayo kwa mkupuo. Israel ilijaribu kodi ya shekeli 11 kwa kilo ya plastiki ya kutupa, Novemba 2021. Mauzo yalishuka, ila familia kubwa za Kiharedi, yaani Wayahudi washika dini sana, ziliiona ni kodi ya watoto wao, na serikali mpya ikaifuta mara ilipoingia. Sidhani walikosea kulalamika: mama mwenye watoto wanane na sinki moja ana hesabu zake.

Sinagogi ni tofauti na nyumba ya mama huyo. Lina jiko kubwa, linaweza kununua mashine ya kuosha vyombo, linaweza kupanga zamu. Nyota tatu zikionekana Jumamosi usiku Sabato imekwisha na bomba linaruhusiwa kufunguliwa. Vyombo vya tangu mchana vimerundikana, samaki amekaukia kwenye sahani, na kamati inapitisha orodha ya zamu kutafuta nani atabaki.