Kikao cha Kamati, GRUB Akiwa Mwalikwa

Seva yangu ni laptop kuukuu niliyoinunua Kariakoo ikiwa haina kioo, ndiyo maana tulielewana bei haraka. Inakaa uvunguni mwa kitanda changu hapa Magomeni, inaendesha Debian (aina ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows), na kazi yake ni kuwagawia wapangaji wa nyumba nzima tamthilia na mechi za jana kwa waifai. Wao huiita "mashine ya Injinia". Mimi ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi, lakini nimeshaacha kubisha.

Mama mwenye nyumba alikuwa anamwoza binti yake wa pili. Kamati ikataka kutazama video ya kicheni pati ya binti wa kwanza, ambayo ipo kwenye seva, ili wapate mfano wa mapambo. Akaongeza: "Na utengeneze nafasi ya video mpya, mwanangu." Diski ilikuwa imejaa pomoni, ila palikuwa na patisheni (kipande cha diski) ya tano, urithi wa Windows ya mwenye mashine wa zamani, ambayo niliifanya stoo ya filamu zisizotazamwa na mtu. Usiku nikaingia kwa SSH, yaani kwa mbali kupitia mtandao, nikaifuta kwa fdisk, programu ya kugawa diski, nikatengeneza mpya palepale na kuifomati kwa ext4, mtindo wa Linux wa kupanga faili. Ile fdisk ikaonya kwamba kerneli, kiini cha Linux, itaendelea kutumia jedwali la zamani la patisheni mpaka mashine iwashwe upya. Sawa. Tamthilia ziliendelea kuruka vyumba vyote, nikalala.

Jumamosi saa kumi jioni kamati imejaa sebuleni: mwenyekiti, mashangazi, mjomba mweka hazina, na katibu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi mwenye kaunta buku na kalamu za rangi mbili. Vitumbua mezani. Nikaizima mashine, nikaibeba hadi sebuleni, nikaichomeka kwa waya wa HDMI kwenye runinga ya mama, ile kubwa inayofunikwa kitambaa, nikawasha.

error: unknown filesystem.
grub rescue>

"Ndiyo imeanza?" shangazi mmoja akauliza, akivuta kiti.

"Bado, shangazi. Huu ni utangulizi."

Katibu akaandika.

GRUB, anayeiamsha Linux asubuhi, hana akili nyingi saa hizo. Siku ya kusakinishwa aliambiwa faili zake ziko patisheni ya sita, basi akakariri sita. Tatizo ni kwamba ukifuta ya tano, zilizo nyuma yake husogea namba moja mbele. Linux ikawa ya tano, swap (nafasi ya kusaidia kumbukumbu, haina faili) ikawa ya sita, na ile mpya, japo imekaa mwanzo kabisa, ikapewa namba ya mkiani. GRUB akaenda sita, akakuta swap, hakuelewa lolote, akagoma.

Nikaandika ls, orodha ikatoka. Mwalimu akashusha miwani.

"Kijana, naona moja, halafu tano. Mbili, tatu na nne zimekwenda wapi?"

"Jedwali hili utaratibu wake ni wa mwaka 1983, mwalimu. Patisheni kuu haziruhusiwi kuzidi nne, kwa hiyo namba za kwanza nne ni za wakubwa. Hizi ndogo zinaanzia tano hata kama wakubwa hawajafika."

"Kama viti vya mbele ukumbini," mwenyekiti akasema, na kamati nzima ikaelewa kuliko nilivyowahi kuelewa mimi.

Mjomba pekee hakuridhika. "Mambo ya 1983 unayaleta kwenye harusi ya mwaka huu?"

Nikaandika:

set prefix=(hd0,msdos5)/boot/grub
set root=(hd0,msdos5)
insmod normal
normal

Menyu ya Debian ikatokea. Vigelegele! Mistari ikaanza kushuka kwa kasi, kisha ikasimama ghafla. Vikabaki vinyota vyekundu vikienda kushoto na kurudi kulia, na saa ikihesabu kuelekea dakika moja na sekunde thelathini. Watoto wa nyumba, ambao hakuna aliyewaalika, wakahesabu nayo kwa sauti.

"Sasa inasubiri nini?" mjomba akauliza.

"Kuna patisheni imeandikwa kwenye fstab, ile orodha ya patisheni za kufunguliwa mashine ikiwaka, inaisubiri ijitokeze."

"Ipi?"

"Ile niliyoifuta, mjomba."

"Yaani inamsubiri marehemu?"

"Kwa dakika moja na nusu tu."

Ukiifomati patisheni upya, inapewa UUID nyingine, yaani namba nyingine ya utambulisho. Mahali ni palepale, ila fstab inauliza utambulisho wa zamani, na mstari ule haukuwa na neno nofail, ambalo lingeiambia mashine ikimkosa huyo iendelee na safari. Muda ulipoisha, ikatangaza emergency mode, ikaongeza kwamba akaunti ya root, msimamizi mkuu wa mashine, imefungwa, nibonyeze Enter kuendelea.

"Inasemaje?" mama mwenye nyumba akauliza.

"Inasema kuna dharura, anayeruhusiwa kuingia kurekebisha ni root, na root amefungiwa nje. Nibonyeze Enter."

"Si ubonyeze?"

Nikabonyeza. Ikatafakari, ikarudi na maneno yaleyale. Nikabonyeza tena. Yaleyale. Debian usipompa root nywila wakati wa kuisakinisha, dharura ikija hakuna wa kufunguliwa mlango. Shangazi akapendekeza tusome dua. Mwingine akasema izimwe ipoe kidogo. Mjomba akaanza kukumbuka kwa sauti mpiga picha alilipwa kiasi gani.

Mama akaniinamia. "Mwanangu, video ipo?"

"Ipo, mama. Haikuwa kwenye ile niliyofuta."

"Iko wapi?"

"Humohumo ndani."

"Ndani ya dharura?"

Nikaizima. Nikawasha. grub rescue> akarudi, kwa sababu zile amri hudumu mpaka mashine izimwe tu. Jasho limeniingia machoni, nikawa hata sikumbuki kama mabano yanatangulia au yanafuata. Ndipo mwalimu akafungua kaunta buku.

"Seti, nafasi, prifiksi, alama ya sawasawa. Fungua mabano. Hd sifuri. Mkato..." Alikuwa ananisomea imla, kwa mwendo uleule wa darasa la nne, akisubiri kila neno, akirudia mara moja tu. Alikuwa amenakili kila kilichopita kwenye runinga, makosa kwa wino mwekundu.

"Mwisho niweke nukta, mwalimu?"

"Mara ya kwanza uliweka?"

Menyu ilipotokea sikuiacha ipite. Nikabonyeza e, mwisho wa mstari wa linux nikaongeza rw init=/bin/bash, kisha Ctrl na X. Hapo unaingia bila kumwomba root ruhusa. Nikafungua fstab, nikaweka alama ya reli mwanzo wa ule mstari.

"Reli? Ile ya kuangalia salio?"

"Ileile, shangazi."

Nikahifadhi, nikaandika exec /sbin/init, mashine ikawaka hadi mwisho. Kabla mtu hajashangilia nikapiga grub-install na update-grub, GRUB akariri namba mpya.

Video ikaanza. Zambarau na dhahabu, maputo, bwawa la maji ya rangi. Hata mama wa bibi harusi hajaingia ukumbini, mwenyekiti akasema, "Haya mapambo ya kizamani. Tutafute kwenye simu."

Kikao kilichofuata niliitwa rasmi. Muhtasari ukasomwa wote, pamoja na insmod normal, tukafika kwenye yatokanayo: je, nofail imewekwa? Nikasema imewekwa, na UUID mpya. Wakataka ushahidi. Nikaizima na kuiwasha mbele yao, ikawaka moja kwa moja, na shangazi akauliza kwa masikitiko vile vinyota vyekundu vimekwenda wapi.

Mjomba mweka hazina hakuwa na haja ya vinyota. Alikuwa ameshaandika jina langu kwenye orodha ya ahadi, upande wa dabo.

"Mjomba, mimi sina mwenza."

"Na huyo?" akasema, akiionesha mashine kwa kalamu.