Jeli inayojaa na kupwa yenyewe, mi bado nina maswali

Sisi tuliokulia Mikindani jongoo bahari tunamjua, yuko laini kama mlenda, we msumbue kidogo anakakamaa mpaka unajiuliza ni yuleyule au vipi. Nimemkumbuka nikisoma kuhusu hizi jeli za maabara (kitu laini kinachonyonya maji kikavimba, kikiyatoa kinanywea), maana ni habari ileile, kitu laini kinajibadilisha hakina betri hakina waya, kemia tu ndo inaendesha.

Ryo Yoshida na wenzake kule Japani mwaka 1996 walitengeneza jeli yenye kichocheo cha metali iitwayo rutheniamu ndani yake, ukiitumbukiza kwenye mchanganyiko wa Belousov-Zhabotinsky (kemikali zinazobadilika kwenda na kurudi zenyewe, tena na tena) basi inajaa na kupwa, inajaa na kupwa, kama bahari yetu ila hii haivutwi na mwezi. (Belousov mwenyewe, mkemia wa Urusi, miaka ya 1950 aliandika alivyoona kemikali zikienda na kurudi, wahariri wa majarida wakamkatalia, eti haiwezekani. Wasomi nao!) Na wimbi la kemikali linasafiri humohumo kwenye jeli, upande huu unaushtua ule, ndo wanaita kuwasiliana.

Ila iliyonikosha ni ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, timu ya Joanna Aizenberg, 2012. Wamepanda vinywele vidogo sana kwenye jeli, ikipoa jeli inavimba vinywele vinasimama, ncha zinagusa kemikali ya juu, joto linatoka, jeli inanywea vinywele vinalala, joto linakata, ikipoa tena inaanza upya. Fundi friji yeyote atakwambia hiyo ni tamostati tu jamani, kile kidude cha kuwasha na kuzima kufuata joto.

Wanaosifia wana hoja, sikatai. Kuna jeli zinazoitikia sukari, damu ikipanda sukari zinaachia insulini, ikishuka zinabana, na kwa mgonjwa wa kijijini anayekadiria dozi mwenyewe hicho si kitu kidogo.

Sasa shida. Ile ya kupwa na kujaa inakula bromati na asidi kali, mwilini huiweki, na chakula kikiisha inasimama. Halafu jeli nyingi za aina hii zinatumia plastiki ambayo ikifika kama nyuzi 32 inanywea, na nyuzi 32 Mtwara mwezi wa 12 ni mchana wa kawaida tu, yaani inaweza kunywea kabla hujaipa kazi. Wataalamu wanaweza kubadili mchanganyiko ipande hiyo nyuzi, sawa, ila nani anabadilisha huku akiwaza Mtwara? Na pampu ya insulini ikizingua unaizima, jeli hii ikizingua unabonyeza wapi?

Mi ya sukari naiunga mkono, zile za kujaa na kupwa zibaki maabara kwanza. Na hiyo ya sukari waje waipime huku, nyumba ya bati, saa nane mchana, umeme umekatika.