Mama kasema kilabu, hoteli imesema kabare

Kijana mmoja mpiga fidla wa hapa mjini aliniambia kaitwa kupiga "kabare" katika hoteli moja ya Shangani, Zanzibar. Aliposema nyumbani, mama yake aliguna: "Ushaanza kupiga vilabuni?" Kumbe hotelini hakukuwa na jipya. Ala za kanuni, udi na fidla, mwimbaji, nyimbo zilezile za taarabu za harusini, ila wasikilizaji wamekaa mezani wanakula. Nani mwenye haki basi, hoteli au mama?

Kwa asili ya neno, mama. Ni la Kifaransa, na kabla ya kuhusishwa na jukwaa lilikuwa jina la kilabu cha mvinyo. Burundi na Rwanda hadi leo kabare ni pahala pa kunywea bia au pombe ya ndizi, muziki uwepo usiwepo. Maana ya maonyesho ilishika Paris, hasa baada ya Le Chat Noir kufunguliwa Montmartre mwaka 1881, washairi na waimbaji wakiwatumbuiza watu walioketi na bilauri zao.

Hoteli nayo ina lake. Kiswahili hakijapata kuona haya kupokea: taarabu yenyewe ni neno la Kiarabu, la ile raha inayomteka mtu akisikia muziki, na fidla na akodiani zilikuja na majina yao. Tena (hili wengi hawalijui) kabare za Paris, na baadaye za Berlin, zilikuwa pahala pa kuwasema wakubwa kwa wimbo. Hapo nauona udugu. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarabu wa zamani, aliimba kisa cha Kijiti, aliyemuua mwanamke akakimbilia bara, mahakama ikawafunga waliokuja kutoa ushahidi. Kama kabare ni hiyo, sisi tunayo, wala hatukufundishwa na Mfaransa.

Ninapokwama mimi ni kwenye kiti. Kabareni mtu hukaa, akala, akapiga makofi. Kwenye taarabu hukaliki. Ubeti ukikugusa unainuka, unakwenda mbele kwa mwendo wa madaha, noti mkononi, unamtunza mwimbaji. Ukumbi mzima unaangalia nani kainuka kwenye ubeti upi, maana anayetunza keshalichukua lile fumbo kalifanya lake, na anayelengwa pengine yumo mumo humo. Ukiliondoa hilo, nyimbo zimebaki lakini taarabu imeondoka. Na mgeni aliyeambiwa anakuja kabare, atajuaje kwamba anaruhusiwa kuinuka?

Chakula cha usiku chenye muziki, basi, na kiitwe kabare, kwa herufi zetu. Ni jina linalokifaa, na yule kijana anapata riziki yake kwa kazi ya mikono yake. Mama yake naamini ataridhika akienda kusikiliza. Lakini tangazo likiandika "kabare ya taarabu", nataka meza zipangwe kwa kuacha njia ya kufika jukwaani, na mgeni aambiwe mapema aje na noti ndogondogo.