Si bakteria walioshambulia figo
Makala moja kuhusu watoto waliopata uvimbe wa figo baada ya kuumwa koo inasema bakteria wa koo (streptokoki) "walishuka" hadi kwenye figo za watoto. Sivyo. Kingamwili (protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vijidudu) hunasa vipande vya bakteria, vikashikamana na kuwa vibonge vidogo sana vinavyokwama kwenye vichujio vya figo (kila figo ina takriban milioni moja). Hapo protini za kinga ziitwazo komplimenti huamka, seli nyeupe hufurika, kichujio huvimba na kuvuja damu. Mwili huchukua muda kutengeneza kingamwili hizo, ndiyo maana ugonjwa huu wa figo hujitokeza wiki 1 hadi 3 baada ya koo kuuma, au wiki 3 hadi 6 baada ya vidonda vya ngozi vya bakteria hao hao.

Wazazi wenzangu wa Nairobi, mkiona mkojo una rangi ya strungi na macho ya mtoto yamevimba asubuhi, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Sisitizeni apimwe presha, maana ikipanda sana huleta degedege. Kijiti cha mkojo kitaonyesha damu na protini. Kiwango cha C3 (mojawapo ya zile protini za komplimenti) kwenye damu hushuka, kisha hurudi kawaida kwa wiki 6 hadi 8. Kikikaa chini zaidi ya miezi 3, daktari wa figo atafute ugonjwa mwingine, hata lupasi (ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe). Na tafadhali msimpe mtoto diklofenaki (dawa ya maumivu), hupunguza damu inayofika kwenye figo.