Mkatoliki Haokolewi na Bahasha

"Dini haiokoi, Yesu anaokoa." Abiria wa daladala za Mbagala na Gongo la Mboto, Dar es Salaam, wameizoea kauli hiyo, na vituo viwili haviishi kabla mhubiri hajawafikia Wakatoliki: rozari, mfungo, bahasha ya zaka, sala za jumuiya ndogo ndogo za mtaani kila wiki, eti wanajilipia mbingu wakati Waefeso 2:8 inasema tumeokolewa kwa neema. Mkatoliki akipata ujasiri wa kujibu hukimbilia Yakobo 2:24, kwamba mtu huhesabiwa haki, yaani hukubaliwa na Mungu kuwa mwenye haki, kwa matendo yake, "si kwa imani peke yake." Aya ni sahihi, jibu ni baya. Anayejibu hivyo amekubali kuketi alikopangiwa na mshtaki: wewe imani, mimi matendo. Kanisa lake halijawahi kuketi hapo.

Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, uliitishwa katikati ya mgogoro na wafuasi wa Martin Luther, na hakuna anayeutarajia uwe mpole kwao. Hata hivyo, katika tamko lake la Januari 13, 1547, kanuni ya kwanza kati ya 33 inamlaani anayesema mtu anaweza kuhesabiwa haki mbele ya Mungu kwa matendo yake mwenyewe, bila neema inayokuja kwa njia ya Yesu Kristo. Sura ya nane inaongeza kwamba hakuna kinachotangulia kuhesabiwa haki, iwe imani au matendo, kinachoistahili neema hiyo. Wala halikuwa jambo jipya. Sinodi ya Orange, mwaka 529, ilikwisha kusema kwamba hata hamu ya kwanza ya kuamini ni kazi ya neema.

Ushahidi ulio wazi kuliko kanuni zote hizo ni ubatizo wa watoto. Kichanga cha wiki sita kinaletwa kanisani kimelala au kinalia. Hakijafunga, hakijatoa zaka, hakijasali hata Salamu Maria moja. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba maji yakishamwagwa, mtoto huyo ni mwana wa Mungu, amesamehewa dhambi ya asili na amepewa neema ya utakaso; akifa jioni hiyo hiyo, hadaiwi kitu. Ametenda nini? Kulia, labda. Sasa waulize wanaosema Wakatoliki wanatafuta wokovu kwa matendo, kwa nini wao hawabatizi watoto. Watakwambia mtoto hajaamua, hajatubu, hajakiri kwa kinywa chake. Yaani mtu lazima kwanza afanye kitu! Najua wana maelezo yao: imani yenyewe ni kipawa, na ubatizo ni ushuhuda wa kile ambacho Mungu ameshafanya. Maelezo hayo nayakubali. Basi Mkatoliki naye akubaliwe anaposema mfungo wake wa Kwaresima ni tunda la neema iliyomfikia kabla hajajua kutamka jina la Yesu. (Walutheri hawamo katika ugomvi huu, wao hubatiza watoto kama sisi.)

Upande wa pili una nguvu mahali pengine. Luther alipoandika dhidi ya biashara ya rehema, yaani kuuza msamaha wa adhabu za dhambi, mwaka 1517 alikuwa na hoja ya kweli, na lipo swali ambalo mafundisho yetu hulijibu kwa tahadhari kuliko mgonjwa aliyelazwa Muhimbili anavyotamani: nitajuaje kwamba nimesamehewa? Trento, sura ya tisa, inasema hakuna awezaye kujua, kwa uhakika wa imani usioweza kukosea, kwamba amepata neema ya Mungu. Mlokole husema "nimeokoka" na kulala usingizi. Uhakika huo umewatoa watu kwenye pombe na kurudisha amani nyumbani, na anayeubeza hajakaa nao jirani. Ila aliyeokoka akionekana baa ya Sinza, wenzake watasema amerudi nyuma. Nao wanapima imani kwa matendo, tena kwa jicho kali kuliko la katekista yeyote.

Tofauti iliyobaki ni nyembamba, lakini ipo. Mkatoliki anasema neema humgeuza mtu kwa ndani, hata matendo anayoyatenda akiwa ndani ya Kristo yakawa na stahili, yaani yakastahili thawabu, mbele ya Mungu. Mlutheri huona hatari katika kuzungumzia stahili, na husema mwenye haki hubaki papo hapo mwenye dhambi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2007, inakiri kwamba kwa maana kamili ya haki mwanadamu hana stahili ya kumdai Mungu. Oktoba 31, 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia sahihi Azimio la Pamoja kuhusu kuhesabiwa haki: tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, pasipo stahili yoyote ya kwetu, na Roho Mtakatifu anatufanya upya na kutuita kwenye matendo mema. Wamethodisti walijiunga 2006, makanisa ya Kireformati 2017. Wapentekoste hawamo, na hao ndio tunaopanda nao daladala.

Jiji hili lina fungu lake katika habari hii. Mwaka 1977 mkutano mkuu wa sita wa Fungamano hilo la Kilutheri ulifanyika hapa Dar es Salaam, ukamchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais, Mwafrika wa kwanza. Mkutano huo huo ulitamka kwamba ubaguzi wa rangi Afrika Kusini ni suala la kuikiri imani yenyewe, hivyo makanisa yaukatae hadharani. Warithi wa Luther na kauli yake ya "imani peke yake" walikuwa wanasema yapo maisha yanayoikana imani. Kati ya hapo na Yakobo sioni umbali mkubwa.

Kwa nini basi shutuma haziishi? Jirani hasomi Trento, anahudhuria msiba. Pale husikia kwamba marehemu hakuwa akishiriki jumuiya, michango yake ina mapengo, na padre hatakuja. Wanaotetea utaratibu huo husema ni nidhamu, hauhukumu roho ya mtu. Na kweli, jumuiya zitaishije kama kila mmoja anazikumbuka siku ya kufa? Lakini Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni 1184, zinawataja wanaonyimwa mazishi ya kikanisa wasipoonyesha dalili ya toba kabla ya kufa: walioikana imani waziwazi, wazushi na waliojitenga na Kanisa, waliochagua miili yao ichomwe kwa sababu zinazopingana na imani, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waamini. Mwenye mapengo kwenye kadi ya michango hatajwi. Kanuni 1181 inataka kusiwe na upendeleo katika mazishi, na maskini wasinyimwe maziko ya heshima.