Kabla ya kuongeza mgao wa kaunti

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anataka kaunti zetu 47 za Kenya ziongezewe mgao wa pesa kutoka serikali kuu, na simpingi. Katiba ya 2010 iliweka asilimia 15 ya mapato ya taifa kuwa kiwango cha chini cha mgao huo, si kikomo. Ila amepita mbio pale penye moto: madeni ya wanakandarasi. Gavana mpya akiingia huunda kamati ya kukagua madeni ya mtangulizi wake, na aliyejenga zahanati au kuuzia hospitali dawa hungoja miaka huku benki ikimnadia lori. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Someni ripoti za Msimamizi wa Bajeti mwone ni kaunti ngapi zinavuka.

Nao wawakilishi wadi wanaopaswa kumbana gavana ndio hao hao wanaombembeleza barabara na basari za wadi zao. Atahojiwa na nani hapo?

Kweli, Hazina ya Taifa pia huchelewesha pesa, tena sana. Lakini mwenye bili hajali nani kachelewesha. Nyongeza ikija, sehemu yake itengwe kwanza kulipa bili zilizokwisha kukaguliwa, ya zamani kabisa ikitangulia.